Karanga za Mama na Kipimo cha Baba Mdogo

Baba mdogo wangu alirudi kutoka semina ya Dodoma amevaa fulana nyeupe yenye maandishi kifuani, kofia ya rangi hiyohiyo, na begi la mgongoni lililojaa makaratasi ambayo nina hakika hajayasoma mpaka leo. Ile fulana aliivaa kanisani. Aliivaa msibani. Mama aliniambia kwenye simu kwamba aliivaa hata siku ya kuchinja ng'ombe kwa jirani, na tone la damu lilipomrukia alipiga kelele kumshinda ng'ombe.

Ni mdogo wake marehemu baba yangu, na ni mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa karanga pale kwetu Ulemo. Uenyekiti aliupata kwa sauti. Kwenye mkutano wa kwanza alizungumza mpaka wenzake wakachoka, na aliponyamaza kila mtu alikubali lolote ili aende nyumbani. Ana ghala la bati pia, na kikundi kilihitaji ghala.

Mradi mmoja ulikuwa umefika wilayani Iramba kuhangaika na sumukuvu. Hiyo ni sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye karanga na mahindi yasiyokauka vizuri. Haina harufu wala ladha, na ukipika chakula haiondoki. Ukiila kidogokidogo kwa miaka mingi inaharibu ini. Mradi uliamua kugawa vipimo vya haraka kwa vikundi, ili wakulima wapime wenyewe kabla ya kuuza. Kila kikundi kilitakiwa kuchagua mtu mmoja wa kwenda kufundishwa. Kikundi chetu hakikuchagua. Baba mdogo alijichagua, akaaga, akaondoka.

Mtu aliyekaa naye meza moja kule aliniambia baadaye jinsi alivyofundishwa. Asubuhi alisaini mahudhurio, akauliza posho inatolewa saa ngapi. Wakati wa mafunzo kwa vitendo, wenzake wamevaa glovu, wanasaga na kuchuja, yeye alikuwa nje kwenye kivuli cha gari anaongea na simu. Alirudi wakati wa picha ya pamoja, akasimama mbele, katikati.

Mimi nilikuwa nafanya kazi Singida mjini, kwenye kiwanda kidogo kinachokamua alizeti na kutengeneza siagi ya karanga. Nilisoma sayansi ya chakula Morogoro. Kazi yangu ilikuwa kupima kila mzigo unaoingia, na vipimo nilivyotumia vilikuwa vya aina ileile waliyopewa wakulima. Niliposikia kwamba vimefika Ulemo, nilimpigia baba mdogo.

"Baba mdogo, shikamoo."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Namba yangu alikuwa nayo. Mwezi uliotangulia alinipigia kuomba nimtafutie mtu wa kununua mbuzi. Nikajitambulisha.

"Nasikia mmepata vipimo," nilisema. "Jumamosi nitakuja nyumbani. Unaonaje tukipima pamoja ile mara ya kwanza?"

"Binti, mimi nimefundishwa na wataalamu wakubwa. Nina cheti."

"Najua, baba mdogo. Ila vile vipimo vina namna yake ya kusomwa."

"Kwa hiyo unataka kunifundisha mimi kusoma?" Alicheka kicheko chake cha mkutanoni, kile cha kutafuta wasikilizaji. "Nilikuwa najua kusoma kabla baba yako hajamtolea mahari mama yako. Wewe pima huko kwa matajiri wako, huku tuachie sisi."

Alikata simu. Siku ya kupima nilikuwa kazini. Haya ninayoyaeleza niliyapata kwa mama, na baadaye kwa wanawake wengine waliokuwepo, na maelezo yao hayapishani.

Aliweka meza mbele ya ghala, akaitandika kitambaa cheupe cha mke wake, akavaa glovu. Wanakikundi walipanga magunia yao. Kwa kila mtu alitumbukiza mkono juu ya gunia la kwanza, akatoa konzi moja, basi. Kwa anayeijua kazi hii, hapo pameshaharibika. Ukungu haujisambazi sawasawa kwenye gunia kama chumvi kwenye mboga. Unakaa kwenye kona moja, kwenye punje chache, na usipochukua juu, katikati na chini, kwenye kila gunia, umepima bahati. Kisha konzi zote alizitwanga kwenye kinu kimoja, moja baada ya nyingine, bila hata kukifuta. Akachanganya ule unga na spiriti kwenye chupa, akatikisa kwa mbwembwe, akasubiri utulie, akachukua matone ya maji ya juu na kuchovya kile kikaratasi chembamba. Halafu akakiinua juu ili watu wote waone.

"Mistari miwili! Zina sumu."

Wanawake karibu wote walitoka na mistari miwili. Baba mdogo na marafiki zake walitoka na mstari mmoja. "Safi," alisema kila ulipofika mzigo wa mmoja wao, na ulipofika wa kwake alisema "safi kabisa."

Mwaka ule yeye na wenzake walikodi mashine ya kumenya karanga kutoka Shelui. Ili punje zisikatike, walimwagia maji kwanza karanga zikiwa na maganda, zikalainika, wakazimenya, wakazifunga kwenye magunia zikiwa bado na unyevu. Mtu akitaka kufuga ukungu hahitaji kufanya zaidi ya hapo. Wanawake hawakuwa na hela ya mashine. Walikaa vibarazani na kumenya kwa vidole.

Zamu ya mama ilifika. Mistari miwili.

"Shemeji," mama alisema, "zangu nimeanika juu ya mwamba, sijaziweka chini hata siku moja. Zimekauka mpaka ukitikisa ganda unasikia punje inacheza."

"Sumu haionekani kwa macho, shemeji."

Angeishia hapo, ningemdharau kama ninavyowadharau wajinga wengine, kwa kiasi. Lakini watu walikuwa wanamsikiliza, na baba mdogo akisikilizwa hawezi kuacha. Alimgeukia mama, akageuza sauti ikawa ya huruma, akasema mbele ya kikundi kizima:

"Ndiyo maana kaka alikufa kwa ini. Ulikuwa unamlisha sumu, shemeji. Hukujua, hatukulaumu. Lakini ndivyo ilivyokuwa."

Nilikuwa kidato cha tatu baba alipokufa. Tumbo lilivimba, macho yakawa ya njano, na daktari wa hospitali ya misheni alituambia kwamba ini limeharibika na hakuna la kufanya. Miezi ya mwisho hakuweza kumeza kitu isipokuwa ugali laini wa mtama kwa mlenda uliotiwa karanga za kutwanga. Mama alitwanga kila siku. Na huyuhuyu baba mdogo alikuwa anapita pale kwetu jioni, anakaribishwa, anakula kwenye sufuria hiyohiyo na kuongezewa. Ini lake lina afya nzuri.

Walichimba shimo nyuma ya ghala. Karanga zote za mistari miwili zilimwagwa humo, zikamwagiwa mafuta ya taa, zikachomwa, wakafukia. Baba mdogo alipiga picha kwa simu, akawatumia watu wa mradi. Walimjibu kwa alama ya dole gumba.

Nilienda nyumbani mwisho wa wiki. Mama alipika mlenda, na mlenda haukuwa na karanga. Kinu chake kilikuwa kimeegeshwa nje ukutani, kimejaa majani makavu. Alikuwa amekonda usoni. Tulikula, na nilipoanza kukusanya vyombo aliniuliza kwa Kinyiramba, kwa sababu mambo mazito haongei Kiswahili:

"Ni mimi?"

Nilimwambia kwamba ini huharibika kwa sababu nyingi, kwamba kuna homa ya ini ya virusi, kuna pombe, na baba ujanani alikunywa gongo. Nilimwambia hakuna daktari aliyesema ni chakula. Aliitikia kwa kichwa kila sentensi, kama mtu anayesomewa masharti ya mkopo, halafu akasema:

"Nilikuwa natwanga nyingi ili apate nguvu."

Nilitoka nikaenda kwa baba mdogo. Alikuwa ghalani, amekaa juu ya magunia yake.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Karibu, mtaalamu."

"Naomba kuona vile vikaratasi vya siku ile."

"Nilivitupa shimoni pamoja na karanga. Ni taka hatarishi. Hawakukufundisha chuoni?"

Habari ya mistari sikuwa nimeisikia bado; mama alikuwa ameniambia tu kwamba zake zilikutwa na sumu. Nilimuuliza kuhusu kinu. Nilidhani kosa ni hilo: karanga moja mbovu ilitwangwa mwanzoni, ikachafua zote zilizofuata. Alinisikiliza huku anachokonoa jino kwa njiti ya kiberiti.

"Kinu ni kile kile kwa wote," alisema, "na zangu zimetoka safi. Sasa hapo chuo kinasemaje?"

Nilirudi mjini nina hasira na sina pa kuishika.

Wiki chache baadaye Fuso iliingia uani mwa kiwanda, imesheheni magunia, na kwenye kiti cha mbele, kando ya dereva, nikaona ile kofia. Baba mdogo alikuwa amekusanya karanga zake na za wenzake, zile "safi", akaja kuziuza kwa bei ya daraja la kwanza. Hakuniambia kwamba anakuja. Nadhani alitaka kunikuta nimesimama na koti langu jeupe.

Tajiri wangu ni mzee wa mjini. Babu yake alitoka pwani akafungua duka Singida, na yeye amebaki na adabu ya watu wa kule: hata akikufukuza utafikiri anakukaribisha.

"Karibu sana, mzee wangu," alimwambia. "Binti atachukua sampuli, sisi tunywe chai."

"Hakuna haja. Mzigo umeshapimwa na mtaalamu."

"Alhamdulillah. Lakini hapa kila mzigo hupimwa upya, hata ukiwa wa ndugu yangu wa damu."

"Basi nitapima mwenyewe mbele yenu," alisema baba mdogo, akafungua begi lake la mgongoni.

Tajiri alinitazama. Nikasema sawa. Nilichukua bambo, kile chuma chenye ncha ya kuchomea gunia, nikachoma magunia juu, katikati na chini, nikakusanya, nikasaga kwenye mashine safi, nikagawa unga mara mbili: nusu yake na nusu yangu. Alianza kutikisa chupa. Wapagazi walikuwa wamekaa kwenye kivuli wakisubiri kushusha, na yeye hawezi kuona watu wamekaa bila kuwahutubia. Akawaeleza kuhusu ini. Akawaeleza kwamba kaka yake wa kuzaliwa tumbo moja alikufa kwa kulishwa karanga mbovu na mkewe, mke asiye na elimu. Nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kuona jasho shingoni mwake.

Nilishika saa yangu, nikasubiri.

Kikaratasi chake kilianza kulowa kutoka chini. Mstari wa juu ukatokea, mwekundu, mkali. Pale ambapo mstari wa chini ulipaswa kuwepo hapakutokea kitu. Palikuwa peupe kabisa. Kwenye kikaratasi changu ikawa hivyohivyo. Ile ilikuwa sumu ya kutisha, na nikiri kwamba nilianza kumwonea huruma. Nilidhani nitamwona mtu mzima akifedheheka mbele ya wapagazi. Nilishaanza kutafuta maneno ya kumsitiri.

Akainua kikaratasi juu.

"Mstari mmoja! Mmeona? Safi kabisa. Shusheni."

Wapagazi wakainuka. Nikawaambia wakae.

"Baba mdogo, mstari mmoja ni nini?"

"Ni safi."

"Na miwili?"

"Miwili ni sumu." Alinitazama kwa huruma. "Binti, si kama kile kipimo cha wanawake? Mistari miwili maana yake kuna kitu ndani."

Wapagazi walicheka, wakidhani anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa amesimama pale, mwenyekiti, mwenye cheti, na elimu yake yote ya sumukuvu ilikuwa imetoka kwenye kipimo cha mimba alichowahi kumwona nacho mmoja wa binti zake.

Nilimweleza. Nilijitahidi kuongea taratibu, si kwa ajili yake, kwa ajili yangu. Mstari wa juu unatokea siku zote, ni wa kuonyesha kwamba kipimo chenyewe ni kizima. Mstari wa chini unatokea karanga zikiwa salama. Sumu ikiwepo nyingi inauzuia, hautokei. Kwa hiyo miwili ni salama, mmoja ni sumu. Nilitoa karatasi ya maelekezo kwenye boksi lake mwenyewe. Ilikuwa bado imekunjwa kama ilivyotoka kiwandani, na maelezo yalikuwa na picha, kwa ajili ya watu wasiosoma. Nikaikunjua mbele yake.

Aliiangalia. Nilimwona akielewa. Hilo ndilo nililokuja kulifikiria sana baadaye: nilimwona akielewa. Macho yalisimama kwenye ile picha, mdomo ukalegea, na kwa muda mfupi alifanana sana na baba. Kisha akaikunja ile karatasi akaitia mfukoni.

"Kampuni zimegeuza," alisema. "Sisi tulifundishwa vingine."

"Baba mdogo, umechoma karanga za watu."

"Nyie watu wa viwanda mna michezo yenu. Mnasema mbovu ili mshushe bei."

Tajiri wangu alisafisha koo. "Mzee wangu," alisema kwa upole wake wote, "hata ukinipa bure sitazipokea. Nina wajukuu wanaokula siagi hii. Chai ipo, ukipenda."

Hakunywa chai. Fuso ilirudi nyuma, ikatoka getini na magunia yake. Mimi nilirudi ndani nikakaa kwenye stuli. Mzigo sikuuwaza. Nilimwaza mama anatazama karanga zake zikiungua, karanga safi kuliko zote zilizowahi kutoka kijijini, na wale wanawake wengine, na mikono yao ya kumenya kwa vidole.

Mpaka hapo mtu anaweza kumtetea. Mama amewahi kumtetea: hakujua, amesoma kidogo, alitaka kuonekana. Sawa. Lakini ile Fuso haikurudi Ulemo. Ilikwenda Shelui, barabara kuu, kwa wanunuzi wa kwenye maegesho ya malori ambao kipimo chao ni mzani. Alizimaliza zote siku hiyohiyo. Aliporudi kijijini alisimulia mwenyewe, kama ushindi: kiwanda cha mjini kilitaka kumlalia, yeye akawazunguka, na huko Shelui hawakuuliza hata swali moja. Alikuwa ameshaiona ile picha. Alijua anawauzia nini watu ambao wangewatwangia watoto wao.

Nilipanda basi kwenda Shelui. Mnunuzi nilimpata, kijana mwenye haraka, anahesabu magunia ya mtu mwingine. Aliniambia zile karanga zimeshaondoka kuelekea Nzega na kwamba hajui zinakoishia. Kisha akaniuliza mimi ni nani yake yule mzee. Nilisema ni baba yangu mdogo. Alitingisha kichwa na kusema, "Mzee mcheshi sana yule." Nikampigia bwana wa mradi. Alisikiliza vizuri, akaniambia kwamba taarifa ya msimu imeshapelekwa juu, na kwamba kikundi cha Ulemo kilisifiwa kwa kuwa wakali na karanga mbovu. Kurekebisha sasa, alisema, kungeleta maswali. Nilimuuliza kama maswali ni kitu kibaya. Akasema mtandao unasumbua, ananipigia. Hajanipigia.

Nilichukua vipimo kadhaa kazini, kwa ruhusa ya tajiri, pamoja na mfuko mdogo wa unga wa karanga za baba mdogo uliobaki siku ile, nikaenda nyumbani. Nilimweleza mama kila kitu. Akaingia ndani, akarudi na kibuyu kilichozibwa kwa gunzi.

"Nilikwambia hakuna kilichobaki," alisema. "Nilikuwa na mbegu. Sikuweza kuzichoma mbegu."

Nilipima mbegu zake kwenye meza ya kulia chakula. Mama alivuta stuli akakaa karibu, mikono juu ya magoti, hakupepesa macho. Mstari wa juu. Kisha, polepole, wa chini, mwekundu kama mwenzake.

"Hii miwili ndiyo safi?"

"Ndiyo, mama."

"Una uhakika? Maana na yeye alikuwa na uhakika."

Hilo lilinichoma, lakini lilikuwa swali la haki. Nilipima unga wa baba mdogo mbele yake, nikampa karatasi ya maelekezo yenye picha, nikamwacha alinganishe. Aliviweka vile vikaratasi sambamba, akavitazama, akatazama picha, akarudia. Hakuna mtu kwenye habari hii yote aliyekisoma kile kipimo kwa makini kama yeye. Alipomaliza alisema, "Muite."

Baba mdogo alikuja jioni, na jogoo chini ya kwapa na soda za kopo kwenye mfuko. Alikaa. Aliongea kuhusu mvua. Aliongea kuhusu bei ya alizeti. Aliongea kuhusu mchungaji mpya. Mama alimwacha aongee mpaka akaishiwa, jambo ambalo sijawahi kuliona tena.

"Shemeji," mama alisema, "mtoto amenionyesha."

"Ah, shemeji, hivi vipimo vya siku hizi vinabadilikabadilika. Leo hivi, kesho vile. Tusonge mbele."

"Sema ulikosea," nilisema.

"Binti, unaongea na nani?"

"Naongea na wewe, baba mdogo. Sema ulikosea, halafu umwombe mama msamaha kwa ulilosema juu ya baba."

Alimtazama mama, akitegemea angenikemea. Mama alikuwa anatazama jogoo.

"Nilisema vile kwa uchungu wa kaka," alisema mwishowe. "Kama kuna mtu aliumia, basi."

Basi! Hilo ndilo neno alilolipata baada ya kutafuta. Nilifungua mdomo, mama akaniinulia mkono. Akanigeukia mimi, si yeye.

"Za mwaka huu zilikuwa safi. Nimeona kwa macho yangu. Na za miaka ile, wakati baba yako anaumwa?"

Nilitamani sana kudanganya. Baba mdogo alikuwa ameinamisha kichwa mbele kidogo, anasubiri kusikia nitakavyotoka hapo.

"Hazipo, mama," nilisema. "Haziwezi kupimwa. Hakuna anayejua."

"Hakuna anayejua," mama alirudia. Kisha akamwambia shemeji yake, bila hasira: "Wewe ulijua. Uliniambia mbele ya watu. Kaniambie tena mbele ya watu kwamba hujui. Na jogoo wako nenda naye."

Alikwenda naye. Soda alizisahau, na sikumkumbusha. Nilizipeleka kwa watoto wa jirani.

Mbele ya watu hakusema kitu. Jumapili zilipita, yeye amekaa kwenye benchi la wazee wa kanisa, na fulana yake ndani ya koti. Ikafika Jumapili moja, wakati wa matangazo, mama akainuka bila kuitwa. Mama yangu hajawahi kuongea kanisani. Nilikuwa nimekaa kando yake na nilidhani anatoka nje.

"Karanga zangu zilikuwa safi," alisema. "Na za wenzangu tuliochomewa zilikuwa safi. Aliyesoma kipimo alisoma kinyume. Ndilo tangazo langu."

Akakaa. Kwenye mabenchi ya wanawake kulipita mnong'ono mrefu, kisha mmoja akasema "Amina" kwa nguvu, na wengine wakamfuata, mpaka mchungaji akalazimika kutaja namba ya wimbo. Baba mdogo aliuimba wimbo ule kwa sauti kuliko kwaya nzima.

Bado ni mwenyekiti. Wanawake walijitoa kwenye kikundi chake, wananitumia sampuli zao mjini kwa basi, zimefungwa vizuri kutoka kila gunia kama nilivyowaelekeza, na tajiri wangu ananunua zinazofaa. Mama amelima tena. Anakula karanga za kukaanga, anauza, anagawa. Kwenye mlenda haweki. Sijamuuliza.

Kuhusu baba mdogo, mimi na mama tunatofautiana. Yeye anasema nina moyo mgumu, kwamba yule ni damu ya baba yangu na amezeeka. Ninamwamkia nikikutana naye kwa sababu ndivyo nilivyolelewa. Zaidi ya hapo sina kitu cha kumpa.

Mwaka huu nilimkuta kwenye maonyesho ya wakulima. Alikuwa kwenye banda la mradi, amevaa fulana mpya, anawafundisha wageni kupima sumukuvu. Nilisimama nyuma ya watu asinione. Alichukua sampuli juu, katikati na chini. Alitumia chombo safi. "Sasa hapa wengi hukosea," aliwaambia, akiinua kikaratasi. "Wanadhani miwili ndiyo sumu. Mimi ndiye niliyegundua kosa hili wilayani kwetu, baada ya uchunguzi wangu mwenyewe." Watu wakapiga makofi. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akamuuliza swali, naye akamjibu, na jibu lilikuwa sahihi.

Nilisikiliza mpaka mwisho nikitafuta kosa. Hapakuwa na kosa hata moja. Nikaondoka nikanunua mahindi ya kuchoma, nikala nimesimama, na sikumbuki lini nimewahi kukasirika vile kwa kusikia mtu akisema kweli.